Bangi, mapepo na alama ya kamba

Dada yangu alikuja kwangu jioni moja na Agano Jipya dogo, la aina ile wanafunzi hugawiwa shuleni, akaliweka mezani bila kusema neno. Nikalifungua kwa nyuma. Ufunuo haupo. Yuda hayupo, nyaraka za Yohana hazipo, wala za Petro, wala wa Yakobo. Kurasa zilikuwa zimechanwa moja moja, kwa utaratibu, vikabaki vipande vyembamba kando ya mshono, mpaka katikati ya Waebrania. Karatasi ya Biblia ni nyepesi, hukunjika bila kupasuka na huungua taratibu, ndiyo maana hutumiwa kusokotea bangi. Hayo nilikuja kuelezwa na mpwa wangu mwenyewe, miezi mingi baadaye. Jioni ile mimi niliona kufuru tu.

Nikakasirikia karatasi. Kijana sikumwuliza kama analala usiku, kama anakula, kama kuna jambo linalomtisha. Kosa letu lilianzia hapo, na nikisema letu nasema langu mimi, la dada yangu, na la kanisa ambalo tumeabudu hapa Kisumu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mimi ni mlezi wa vijana kanisani. Kila Jumapili, toka Kondele hadi Nyalenda, na bila shaka Kakamega na Nakuru pia, kuna mhubiri anayepiga mimbari akiikemea bangi. Nakubaliana naye. Naamini Mkristo hana sababu ya kuvuta bangi, na nitasema kwa nini. Ila namna tunavyoikemea inatufukuzia vijana wale wale tunaotaka wapone, na baadhi yao tumewachelewesha kufika hospitali mpaka ugonjwa ukaota mizizi.

Jambo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikuta Wakenya 518,807 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wakitumia bangi. Ni mtu mmoja katika kila 53, na kwa wanaume peke yao ni mmoja katika kila 26. Kiwango hicho kilikuwa kimekaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka mitano. Nairobi iliongoza, Nyanza ikafuata. Karibu nusu ya watumiaji walikuwa tayari wametekwa na uraibu. Kama kanisa letu linafanana na nchi, basi katika wanaume mia moja wanaosimama kuimba, watatu au wanne wanavuta. Wengine wako kwaya.

Wala bangi si ngeni huku. Wazee wa Kijaluo waliivuta wakiiita njaga, kabla ya serikali ya kikoloni kuipiga marufuku mwaka 1914. Babu yangu upande wa mama alikuwa na kiko chake cha kibuyu, akikivuta jioni pamoja na wazee wenzake wawili, na mtoto aliyekisogelea alichapwa. Nalitaja hili kwa sababu vijana hulitaja. Huniambia, “Mwalimu, babu zetu walivuta na hawakuwa wendawazimu.” Wanasema kweli kwa sehemu. Wasichokiona ni kwamba babu alianza akiwa mtu mzima, alivuta kidogo, na palikuwa na macho ya ukoo yaliyomwekea mpaka. Mpwa wangu alianza akiwa kidato cha pili, nyuma ya ukuta huko Manyatta, na hakuna jicho la mzee lililomwona.

Vijana hawaji mikono mitupu katika mjadala huu. Huja na aya. Ya kwanza ni Mwanzo 1:29, “nimewapa kila mche utoao mbegu.” Mwendesha bodaboda mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, “Kwani bangi haina mbegu?” Ina mbegu. Nikamuuliza kuhusu ojuok. Aliyelelewa Nyanza anaujua ua wa ojuok, ule mti wa vijiti vya kijani unaozunguka boma, na kila mama ameshamwonya mtoto kwamba utomvu wake ukiingia jichoni waweza kumpofusha. Nao Mungu ameuumba, nao una kazi yake, ya kuzuia ng'ombe asiingie shambani. Au tuchukue muhogo mchungu wa Busia na Teso. Ni chakula, watu wameishi kwao miaka na miaka, lakini usipolowekwa na kuanikwa vizuri una sumu ya kuua mtu. Mche kuwa na mbegu hakusemi chochote juu ya namna ya kuutumia.

Aya ya pili ni Zaburi 104:14, na hapa naomba msomaji afungue Biblia yake ya Kiswahili. Hoja ya kwamba Mungu alitoa “mmea” kwa ajili ya mwanadamu imetujia na Biblia ya Kiingereza, pamoja na nyimbo za reggae. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union, mstari huo unasema majani ni ya makundi ya mifugo, “na maboga kwa matumizi ya mwanadamu.” Maboga! Mtunga zaburi anamshukuru Mungu kwa mboga za shamba, na mstari unaofuata una divai, mafuta na mkate. Nilipowasomea vijana wangu walinyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza kama kuna Kiebrania cha neno hilo. Kiebrania kipo, na maana yake ni mimea ya shamba kwa jumla. Bangi haijatajwa.

Ya tatu ni ya wale waliosoma zaidi. Kutoka 30:23 inaorodhesha viungo vya mafuta matakatifu ya kupaka, na kimoja Biblia yetu inakiita “kane.” Mwanaanthropolojia mzaliwa wa Poland, Sula Benet, alidai mwaka 1936 kwamba hiyo ilikuwa bangi. Wataalamu wengi wa Biblia hawajakubaliana naye. Wanaona ni aina ya unyasi wenye harufu nzuri. Na hata kama angekuwa sahihi, mafuta yale yalipakwa hemani na kwa makuhani, na sura hiyo hiyo inamtisha mtu yeyote atakayeyatengeneza kwa matumizi yake mwenyewe kwamba atakatiliwa mbali na watu wake. Hapo vijana hawapendi kuendelea kusoma.

Ndugu zetu wa Rastafari nawaweka kando katika hili. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2019 kwamba Urasta ni dini, katika kesi ya msichana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya nywele, na mwaka 2021 Warasta walirudi mahakamani kuomba ruhusa ya kutumia bangi katika ibada. Wao wana hoja zao na mahakama yao. Mimi nasema na mtu anayekiri kwamba Yesu ni Bwana.

Hoja iliyo ngumu kweli ni ya divai. Paulo alimwambia Timotheo anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mbona basi kidogo cha bangi kiwe dhambi? Makanisa mengi ya huku yamejibu kwa kukataa vyote: Marafiki wa Kaimosi, Waadventista, Jeshi la Wokovu, hata Legio Maria. Lakini kijana anayesoma Biblia yake anajua kwamba Biblia imeiruhusu divai mahali fulani na imeukataza ulevi kila mahali, na anastahili jibu lililo bora kuliko “kanisa letu haliruhusu.” Jibu langu ni hili. Mtu anaweza kunywa kikombe cha divai na chakula asitafute kulewa. Msokoto unavutwa kwa ajili ya stimu, hiyo ndiyo shughuli yake. Asiyeitaka stimu hana haja ya moshi. Nayo stimu maana yake ni kuikabidhi akili yako kwa kitu kingine kwa saa mbili au tatu.

Paulo anasema, “Vitu vyote ni halali kwangu, lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote” (1 Wakorintho 6:12). Aya hii naipenda kuliko ile ya hekalu inayoifuata mistari michache mbele, ambayo wahubiri wameitumia mpaka vijana hawaisikii tena. Paulo haulizi kama kitu ni halali. Anauliza ni nani bwana. Na Petro, ambaye kurasa zake zilikuwa zimegeuka moshi, anatuambia tuwe na kiasi na kukesha. Nakumbuka pia jambo dogo katika Marko 15:23. Pale Golgotha walimpa Yesu mvinyo uliotiwa manemane, na wafasiri wengi wanasema ulikuwa wa kumpunguzia maumivu. Hakuupokea. Sisemi mgonjwa wa saratani akatae dawa ya maumivu kwa sababu ya mstari huo, Mungu apishe mbali. Nasema kwamba katika saa yake ngumu kuliko zote Bwana alitaka kuwa na akili zake.

Kwa hiyo msimamo ninao, na sioni haya kuusema. Ninachokipinga ni hoja nyingine ambayo imeenea mno. Wagalatia 5:20 inataja uchawi, na neno la Kigiriki hapo ni pharmakeia. Wahubiri wamelichukua wakafundisha kwamba bangi ni uchawi, na anayeivuta ana pepo la kichawi. Neno hilo hilo la Kigiriki ndilo shina la neno famasi. Paulo alikuwa anasema juu ya watu wanaotengeneza dawa za kuroga. Ukishamwambia mama kwamba mwanawe ni mchawi kwa sababu anavuta, umemwambia pia pa kumpeleka, na hapo si hospitali.

Nieleze sasa bangi inafanya nini mwilini, kwa kadiri nilivyofundishwa na wahudumu wa afya katika miaka hii miwili na nilivyosoma mwenyewe. Kemikali yake kuu, THC, ilitengwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. Ubongo una vipokezi vyake vinavyopokea kemikali za mwili wenyewe, zile zinazoratibu usingizi, njaa, kumbukumbu na hofu. THC huingia katika vipokezi hivyo kama ufunguo bandia. Mtu hucheka, husikia njaa, muda humwendea polepole. Kumbukumbu ya karibu hulegea. Mwendesha bodaboda aliyevuta huchelewa kushika breki, na kuchelewa kidogo tu kunatosha pale lori linapokata kona. Moshi wenyewe una lami kama wa sigara, huleta kikohozi na makohozi yasiyokwisha. Mama mjamzito anayevuta yuko katika hatari ya kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo.

Mwongozo wa kawaida wa madaktari ni kwamba takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaojaribu bangi huwa mraibu, na wakianza wakiwa vijana wadogo huwa mmoja kati ya sita. Umri ndio unaobeba mzigo wa jambo hili. Ubongo wa binadamu, hasa ile sehemu ya mbele inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Kijana wa kidato cha pili anamwaga THC juu ya saruji mbichi.

Kisha kuna wazimu, ambao ndio kila mtu anauogopa na ndio tunaoueleza vibaya kabisa. Watafiti wa Uswidi walifuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini, wakachapisha matokeo mwaka 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, mara sita zaidi ya wasiovuta. Mwaka 2019 utafiti mwingine wa miji ya Ulaya na Brazili ulikuta kwamba anayevuta kila siku bangi yenye THC nyingi ana uwezekano wa kupata saikosisi, yaani kusikia au kuamini yasiyokuwapo, karibu mara tano ya asiyevuta. Wapo wanaosema baadhi ya watu hao walikuwa wameanza kuugua na wakavuta ili kujituliza, na kwa wengine ni kweli. Lakini wanasayansi wachache sana leo wanasema hakuna uhusiano. Nayo bangi yenyewe imebadilika. Ile iliyokamatwa Marekani ilikuwa na wastani wa asilimia 4 za THC mwaka 1995. Kufikia 2014 ilikuwa karibu asilimia 12. Babu na mjukuu wanaweza kutaja jina moja wakazungumzia vitu viwili.

Wengi wanaovuta hawatapata wazimu. Hili lazima tulitamke kanisani, hata kama linatuchoma. Tukimwambia kijana kwamba ukivuta mara moja unachizi, naye anamjua jirani aliyevuta miaka kumi na bado anajenga nyumba, ameshatuhesabu waongo, na tutakapomwambia yaliyo kweli hatakuwapo kusikiliza. Mwambie kwamba hatari ni kubwa kwa anayeanza mapema, anayevuta kila siku, na mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua akili. Mpwa wangu alikuwa na yote matatu. Shangazi ya baba yake aliishi miaka mingi akizungumza na mti. Hakuna aliyemweleza kijana jambo hilo, kwa sababu kwetu hayo hayasemwi.

Alikuwa na miaka 19 redio ilipoanza kumtaja jina. Mtangazaji wa asubuhi, alisema, alikuwa anawaambia watu wa Kisumu mambo aliyoyafanya. Aliacha kula chakula cha mama yake kwa hofu ya sumu. Usiku mmoja alitembea peku kutoka Manyatta hadi Dunga, wavuvi wakamkuta ndani ya maji ya ziwa, yamemfika kifuani, akiwa anasubiri mtu aliyemwita. Dada yangu akanipigia simu saa kumi alfajiri. Sikufikiria hospitali hata kidogo. Nilimpigia mzee mmoja wa kanisa letu, tukamchukua kijana kwa gari lake, tukampeleka kituo cha maombi nje ya mji.

Tulikaa wiki tano. Wahudumu wa pale waliomba kwa machozi, na siyatilii shaka machozi yao. Walimfungisha siku tatu mfululizo mtu ambaye tayari alikuwa hali chakula. Usiku alipokuwa anataka kutoka, wakasema afungwe asije akapotea. Kamba ilikuwa ya katani, ile ya kufungia mbuzi. Mimi nilimshika bega na yule mzee akafunga, mkono wa kushoto kwenye nguzo ya kitanda. Alikuwa ananiita, “Mjomba, mjomba,” sauti ya chini, kama mtoto asiyetaka kuamsha watu. Nilikemea pepo. Alama ya ile kamba bado iko, mviringo wa ngozi iliyopauka juu kidogo ya kifundo cha mkono, na akivaa saa huivaa mkono huo.

Wiki ya sita dada yangu alichoka na sisi wanaume, akakodi teksi, akampeleka hospitali peke yake. Nilipofika nilimkuta muuguzi anaandika. Akaniuliza, “Baba, haya yalianza lini?” Nikamwambia. Akahesabu wiki kwa vidole, akaandika, hakunigombeza. Kisha akanieleza kwamba saikosisi ikikaa bila tiba, kupona huwa kugumu zaidi, na kila wiki ina bei yake. Mpwa wangu alichomwa sindano, akalala, akaamka akaomba chai. Hakutukataza kuomba yule muuguzi. Alisema tuombe, na dawa asikose.

Wahubiri wanapenda habari ya mtu wa makaburini katika Marko 5, na kwa kawaida huishia kwa nguruwe. Isome tena ukiwa na mgonjwa nyumbani. Waliomfunga minyororo na pingu ni watu wa kwao, na haikusaidia. Yesu hakumfunga. Alimwuliza jina lake. Watu walipofika walimkuta “ameketi, amevaa nguo, ana akili zake,” na alipotaka kumfuata Bwana alimrudisha: nenda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu. Siamini kwamba mapepo ni hadithi. Lakini kwa miaka ishirini sikuwahi kuhubiri kwamba lengo la habari ile ni mtu kupata akili zake na kurudi kwao, na kwamba Mungu aweza kumrudishia mtu akili kwa sindano ya hospitali ya serikali.

Na cha kuuma ni kwamba sisi wa magharibi, kati ya watu wote, tulipaswa kulijua hilo. Injili ilitufikia ikiwa imebeba sanduku la dawa. Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, Waadventista Gendia mwaka 1906, na mwaka huo huo shule ya Maseno ikafunguliwa. Hospitali za misheni ziliota karibu na makanisa: Kaimosi, Maseno, Kendu Bay, Mukumu, Mumias. Bibi zetu walijifungulia humo, malaria ya wazazi wetu ilitibiwa humo, na hakuna mchungaji aliyesema kwamba kwinini ni kukosa imani. Mguu ukivunjika leo kwenye steji ya bodaboda, mchungaji anaita ambulansi kwanza kisha anaomba. Ni pale tu kiungo kinachougua kinapokuwa ubongo ndipo tunapogeuza mpangilio.

Mama mmoja wa ushirika wetu ana binti wa miaka minane mwenye kifafa. Aliambiwa na jirani kwamba mafuta ya bangi yanatibu, akaniuliza kwa kunong'ona kama ni dhambi. Swali lake lilinipa kazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ibara ya 2291, inahesabu matumizi ya dawa za kulevya kuwa kosa zito isipokuwa kwa sababu za tiba hasa. Papa Fransisko alipinga vikali kuhalalishwa kwa dawa za starehe mwaka 2014. Kanisa la Episcopal la Marekani liliunga mkono matumizi ya kitabibu tangu 1982, na mwaka 2019 Kanisa la Uingereza lilikubali fedha zake ziwekezwe katika bangi ya tiba, si ya starehe. Kwa hiyo makanisa yanayotofautiana katika mengi yamekutana hapa: dawa ni dawa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya CBD, kemikali nyingine ya bangi, kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kikali. CBD haileweshi. Nilimwambia mama yule kwamba hakuna dhambi katika dawa iliyopimwa na kuandikwa na daktari, ila kichupa anachouziwa sokoni hakuna anayejua kina nini, na binti yake ana haki ya kuonwa na daktari wa kifafa. Alikuwa anampa mtoto vidonge vyake nusu nusu ili visiishe haraka. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Juu ya siasa nitapita haraka. Mwaka 2022 George Wajackoyah aligombea urais akiahidi bangi italipa madeni ya nchi, akapata kura 61,969. Viongozi wa makanisa walimpinga, na mimi pia, kwa sababu pesa za bangi ya starehe hulipwa zaidi na wale wasioweza kuiacha. Lakini sheria ya dawa za kulevya ya 1994 tuliyo nayo inamtia jela kijana wa msokoto, na sijaona jela ikimponya mtu mapafu wala akili. Tunaenda gerezani kuhubiri. Hatuendi mahakamani kumsimamia mtoto wa mshirika mwenzetu siku anaposomewa mashtaka, tunaogopa kuonekana.

Na kuna ushuhuda. Kijana akiacha bangi tunamwita mbele Jumapili hiyo hiyo, tunampa maikrofoni, anasema amefunguliwa, tunapiga vigelegele. Jumatano amerudi nyuma ya ukuta. Tunasema hakumaanisha. Hatujui kwamba wiki ya kwanza na ya pili ya kuacha ni za arosto: usingizi hakuna, hasira ziko karibu, chakula hakipiti kooni, jasho, ndoto mbaya. Kijana anayeyapitia hayo anadhani pepo amerudi, kwa sababu ndivyo tulivyomfundisha, na anakata tamaa. Anahitaji uji, mtu wa kukaa naye saa nne za usiku, na mtu wa kumwambia kwamba hali hii hupungua baada ya siku kadhaa. Nimeona vijana watatu wakivuka kwa namna hiyo. Mmoja hakuvuka, na bado nakaa naye.

Katika kanisa letu tulikuwa na ugomvi juu ya haya. Baadhi ya wazee waliona ninaipunguza nguvu ya maombi. Kikao kimoja kilikwisha bila sala ya kufunga, jambo ambalo sijawahi kuona. Mwishowe tulikubaliana mambo machache: muuguzi wa ushirika wetu azungumze na vijana kila mwisho wa mwezi bila mchungaji kukaa chumbani, mtu yeyote anayesikia sauti au aliyeacha kula afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, na maombi yamfuate huko, na sehemu ya sadaka ya Jumapili ya pili iwe nauli ya wanaohudhuria kliniki.

Mpwa wangu anahudhuria Jumanne ya kwanza ya mwezi. Dawa zimemnenepesha na humfanya asinzie mchana, hivyo ni lazima mtu amsindikize. Zamu ya mwezi uliopita ilikuwa ya yule mzee aliyefunga kamba. Alijitolea mwenyewe. Walikaa benchi moja, mzee na kijana, saa tatu nzima, wakisubiri jina liitwe.